Ukuta Nilioutoboa kwa Ajili Yako

Francistown, Botswana

Kwa Barasa, mwana wa mama,

Nakusalimu kwa sababu mama yetu alitufundisha kwamba hata mtu unayekwenda kumshtaki ni lazima umjulie hali kwanza. Basi, hali? Natumaini mmeamka vizuri, wewe na wa nyumbani kwako, na kwamba mahindi hapo kijijini Kwanza yalianikwa yakakauka kabla ya mvua kuyakuta uani. Nimesikia mguu wako unakusumbua tena. Pole. Yangu yote miwili imevimba mpaka kandambili za binti yangu Naliaka haziniingii. Nina uzima wa kuniwezesha kushika kalamu, na huo unatosha kwa kazi niliyo nayo.

Barua yako ilinifikia. Umeniarifu kwamba Nanjala amepata mchumba, kwamba wakwe watatoka Kamukuywa kuja kujadili mahari, na kwamba unataka mimi, senge yake, dada mkubwa wa baba yake, nitume neno la baraka, "hata kwa simu tu, dada." Umeniita mama wa pili. Umeniita nguzo ya ukoo. Halafu pale mwishoni, kwa mwandiko mdogo kama wa mtu anayejikuna mgongoni, ukaongeza: "Mambo ya Kitale yalishapita, tusiyafufue."

Hayajapita. Nimekuja nayo huku, na yamekaa na mimi kwenye chumba hiki zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Jua kwamba sikuituma barua hii kwa sanduku lako la posta. Nimeituma kwa shule anakofundisha Nanjala, na yeye ndiye atakayekusomea. Utaona nimeeleza mengine ambayo wewe unayajua vizuri. Sikukuelezea wewe. Nimemwelezea yeye.

Kwanza habari za huku. Francistown ni mji tambarare, mkavu, wenye jua lisilo na huruma. Watu wake ni wapole. Wakikusalimu hushika kiwiko kwa mkono wa pili, kama sisi tunavyompa mkwe mkono. Ugali wao ni mwepesi, nao huuita phaleche, na mboga yetu ya mrenda sijaionja tangu nifike. Naliaka huamka mapema kwenda hospitali kuwauguza watu wengine, akirudi ananiuguza mimi, na sijamsikia akilalamika, jambo linaloniumiza kuliko kama angelalamika. Siwezi kulala chali. Maji yananipanda kifuani, basi nalala nimekaa, nimeegemea mito. Daktari, kijana mwenye adabu, alimwita Naliaka nje ya mlango akamwambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wangu umechoka na hakuna dawa ya kuuamsha. Walidhani sisikii. Mtu aliyefanya kazi ya simu ujana wake wote humwambii siri nje ya mlango.

Ndiyo sababu naandika sasa. Nitaandika kidogo kidogo, mwandiko ukipinda mtanisamehe.

Nanjala hakuikuta swichibodi ya zamani ya Kitale. Tulikaa mstari mmoja, wasichana waliosoma, kila mmoja na kamba zake mbele ya ukuta wenye matundu. Mtu akipiga, tundu lake linawaka taa, unachomeka kamba, unauliza nambari, unamuunganisha, unatoka. Nilipofanywa msimamizi nilipewa ruhusa ambayo wengine hawakuwa nayo: kuingia kwenye laini kwa muda mfupi kusikiliza kama sauti inapita vizuri. Tulikuwa na sheria moja iliyopita zote: ulichosikia hukukisikia. Niliwasikia wakubwa wa mji ule wakilia, wakidanganya, wakiomba radhi kwa wake zao, na sikuwahi kurudisha neno hata moja mezani kwa baba. Ilipoletwa mitambo ya kujiunganisha yenyewe tukaambiwa twende nyumbani, nikaenda na jina langu likiwa safi.

Jina hilo ndilo nililofungulia biashara uzeeni. Naliaka alinitumia kompyuta, fundi akaja kutoka Eldoret, tukaiweka kwenye chumba juu ya duka la dawa za mifugo. Alinieleza mpaka nikaelewa, na nilipoelewa nilicheka peke yangu, maana ilikuwa kazi yangu ile ile imerudi bila kamba. Kompyuta moja, na ndani yake swichibodi nyingi. Kila biashara ina chumba chake. Hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, ina simu ya bosi nambari mia na moja, kliniki nayo ina mia na moja yake, shule vivyo hivyo, na mashine haichanganyi, kwa sababu aliye ndani ya chumba chake hajui kama kuna chumba kingine. Mwenye biashara ndogo ambaye hangeweza kununua swichibodi yake mwenyewe alipanga kwangu kama anavyopanga duka. Ukuta kati ya chumba na chumba haukuwa wa mawe. Ulikuwa maneno yaliyoandikwa ndani ya mashine, na mwenye kuyaandika na kuyafuta nilikuwa mimi.

Mzee Salim, mnunuzi wa mahindi wa Matisi, ndiye aliyeuliza swali la maana. Alikaa akazungusha fimbo yake sakafuni, akasema, "Mama Naliaka, nyumba moja, wapangaji wengi. Nani ananihakikishia jirani hanisikii?"

Nikamwambia, "Mimi."

Hakuuliza tena. Alitoa kofia, akaomba kalamu.

Na wewe ulikuwa jirani mwenyewe, Barasa. Ulinunua mahindi vijiji vile vile alivyonunua Salim, na ulipanga kwangu kwa sababu mimi ni dada yako.

Halafu palikuwa na Rehema. Nanjala anamkumbuka kwa sura: msichana mwembamba, binti wa fundi cherehani wa karibu na msikiti. Kwa kuwa wapangaji hawakuweza kila mmoja kuajiri mtu wa kupokea simu, nilimwajiri yeye apokee za wote. Kwenye kioo cha kompyuta palitokea jina la biashara inayopigiwa, naye akajibu kwa jina hilo na kwa sauti yake. Hadiwea aliijibu kwa sauti nzito ya mama mwenye haraka. Kliniki aliijibu kwa upole mpaka mgonjwa akapata nafuu kabla ya kufika. Siku moja mkulima kutoka Kwanza alipanda ngazi akataka kumwona "yule mama mnono wa hadiwea, na yule dada wa kliniki, nimebebea hao wote ndizi." Nikamwonyesha Rehema. Akamtazama, akatazama ndizi, akasema, "Basi hii itakutosha mwezi mzima, mama. Wewe ni wengi." Tulicheka mpaka simu ikalia bila kupokewa.

Alikuwa ameposwa. Mchumba wake alikuwa mtoto wa mwenye ile hadiwea. Siku ya harusi ilishatajwa.

Sasa tunafika kwako.

Ulikuja ofisini ukiwa umenuna. Nayakumbuka maneno yako.

"Dada, si nikipiga kwako inanizungusha? Ati inatoka nje, inaenda, inarudi hapa hapa. Nalipia kuongea na dada yangu?"

"Ndivyo ilivyo kwa wote."

"Mimi ni wote?"

"Wewe ni mpangaji kama wengine, Barasa."

"Mpangaji." Ukaligeuza hilo neno mdomoni kama umeng'ata jiwe. "Mtu akienda kwa dada yake anabisha hodi kama askari? Ng'ombe waliokuja kwa ajili yako ndio waliniolea bibi. Sisi ni mtu moja. Niweke ndani, bana."

Ulinishika pale penye mshipa, na ulijua. Ni kweli kwamba ng'ombe wa mahari yangu ndio uliotoa ulipooa. Kwetu ndugu wa namna hiyo hawatengani: dada ana sauti nyumbani kwa kaka, na kaka anaingia kwa dada mpaka jikoni. Njia ya haki ilikuwa kumwita fundi aweke kati ya chumba chako na changu kipenyo kidogo cha kupitisha sauti tu, kisha azibe pengine pote. Ingechukua siku kadhaa. Nikaona ni aibu kumwekea ndugu yangu kipenyo kama cha kuku. Nikakaa kwenye mashine mwenyewe, nikaitoa simu yako kwenye chumba chake, nikaiweka katika changu.

Mtu wa kutoka mahali pengine hangefanya kosa hilo. Angemwona mteja. Mimi nilimwona mwana wa mama akisimama mlangoni.

Na ndani ya chumba changu mlikuwa na ile ruhusa ya zamani. Palikuwa na tarakimu chache ambazo msimamizi akizibonyeza anasikiliza laini ya mpangaji yeyote bila kusikika, ili ajue kama sauti inakatika. Kila simu iliyokuwa chumbani mwangu iliweza kuzitumia. Hata hivyo hungezijua kama nisingekuonyesha.

Nilikuonyesha. Hii ndiyo sehemu nisiyopenda kuiandika. Ulikuja na maparachichi, ukanikuta nazikagua laini, ukauliza nafanya nini. Ningesema nakagua tu. Badala yake nikakupa mkono wa simu, ukamsikia mwalimu mkuu akibishana na muuza kuni. Ukanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona machoni mwako tangu nikufundishe kusoma. Ukasema, "Dada, kumbe mji wote uko kwa kidole yako." Mimi, mwanamke mzima, mstaafu, mzee wa kanisa, nikacheka nikafurahi.

Baada ya hapo lori lako likaanza kufika kila mahali kabla ya la Salim. Asubuhi Salim alizungumza na mnunuzi wake aliyekuwa Kamukuywa, wakapatana leo wanunue kijiji gani na kwa bei gani. Kabla hajamaliza chai, wewe umeshafika huko, umeongeza kidogo, umebeba. Watu walisema Barasa ana bahati. Mimi pia nilisema.

Salim si mtu wa kupiga kelele. Alimwita mnunuzi wake uso kwa uso, akamwambia, "Kesho nitakwambia uongo kwenye simu, uitikie." Kesho yake akamwambia kuna mahindi mengi kwenye mteremko fulani nyuma ya Kamukuywa, mahali ambapo watu hulima miwa tu, na kwamba lori lake litakwenda mchana. Lori lako lilikwenda asubuhi. Lilinyeshewa huko kutwa nzima, dereva wako akiuliza mahindi kwa watu wa miwa, wakimcheka. Lilirudi likiwa na matope mpaka kwenye kioo.

Salim akapanda ngazi zangu. "Mama," akasema, "lori la ndugu yako limekwenda kununua mahindi niliyoyaota. Hayakuwa shambani. Yalikuwa kinywani mwangu, na kinywa changu kilikuwa kwenye simu yako."

Nikamwomba muda. Nikakuita, nikakutilia chai, nikakuuliza. Hata hukuona haya.

"Si ulinionyesha mwenyewe?"

"Nilikuonyesha kazi yangu. Sikukupa."

"Biashara ni biashara, dada. Huyo mzee angepata hiyo kitu, angeacha?"

"Mimi nilimpa neno langu, Barasa."

"Na mimi ulinipa nini? Wacha basi, sitarudia. Haki ya mama, sitarudia." Ukaomba sukari.

Saa ile ile nikairudisha simu yako kwenye chumba chake. Nikauziba ukuta, nikaupiga plasta, kana kwamba haukuwahi kutobolewa. Nilijiambia nimesafisha. Kumbe nilikuwa nimeondoa njia pekee ya mtu mwingine kuuona ukweli.

Wapangaji wote wakataka kikao. Walikaa kwenye viti vya kuazima, Rehema akiwa mezani pake, kifaa cha kusikilizia kikiwa bado kichwani. Salim aliuliza jambo moja tu: neno lake lilitokaje kwenye chumba chake? Nilikuwa nimefungua mdomo. Mungu ni shahidi kwamba nilikuwa nimeufungua. Wewe ukasimama kabla yangu.

"Wazee, mimi sitaficha. Ni kweli nilijua mambo ya mzee Salim. Lakini sikuyatafuta. Yaliletwa. Huyu msichana ndio anapokea simu ya kila mtu, anasikia ya kila mtu. Yeye ndio aliniambia, na mimi ni binadamu, nikatumia. Mnisamehe."

Ulisema vizuri sana. Hata ulitoa leso.

Rehema hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Akasema, "Mama, sema."

Alijua kwamba mimi najua. Alikuwa akiunganisha simu, hakuwa akizisikiliza, na mtu pekee aliyefahamu tofauti hiyo katika chumba kile nilikuwa mimi. Nikaona hivi: nikisema ukuta ulitobolewa, kila mmoja wao ataondoka, na watasema mama Naliaka aliuza neno lake kwa ajili ya ndugu yake. Nikisema ni msichana, nitampata msichana mwingine.

Nikamwambia, "Rehema, acha funguo mezani."

Alivua kile kifaa, akaweka funguo juu yake. Wakati huo simu ikalia, kioo kikaonyesha hadiwea, na mkono wake ukaenda wenyewe kupokea. Ukafika njiani ukarudi. Tulikaa sisi watu wazima tukaisikiliza ikilia mpaka ikanyamaza.

Mpaka hapo ulikuwa unajua yote, isipokuwa pengine jinsi ninavyokuchukia kwa sababu yake. Yanayofuata huyajui.

Baada ya kikao nilikusikiliza, Barasa. Nilikaa ofisini peke yangu, nikabonyeza tarakimu zangu, nikaingia chumbani mwako, mimi niliyeapa ujana wangu wote. Nilitaka kujua kama unajuta. Nikakukuta unazungumza na mwenye hadiwea, baba wa yule kijana aliyemposa Rehema. Alikuwa amekupigia kwa sababu hakuwa ameamini. Alisema, "Una hakika, Barasa? Maana hata Salim mwenyewe anasitasita."

Ukamwambia, "Mzee, mimi nakwambia kama mzazi. Huyo mtoto ni gunia iliyotoboka. Leo amemwaga siri yangu, kesho atamwaga ya nyumba yako. Uliza dada yangu kama ni uongo."

Ulimwua Rehema kwa maneno ili uongo wako usimame. Miaka hii yote umewaambia watu kwamba uchumba ule ulivunjika kwa mambo yao wenyewe, kwamba wewe hukuhusika, kwamba hata ulimwonea msichana huruma. Ulidhani hakuna aliyesikia.

Na yule mzee alikuja kuniuliza, kama ulivyomwelekeza. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alikuwa mtu mwema, alitaka nimpe sababu ya kukataa maneno yako. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu. Nikamwambia, "Nilimfukuza kazi. Unataka nikwambie nini zaidi?"

Akainamisha kichwa akashuka ngazi. Posa ikavunjwa juma hilo hilo.

Wewe ulitunga uongo. Mimi niliutia muhuri. Usidhani najiweka pembeni. Nikikuita nyoka, jua kwamba nilikuwa shimo.

Biashara nayo haikupona. Salim alirudisha simu zake zikiwa zimefungwa vizuri kwa kamba, akasema hana ugomvi na binti, ana ugomvi na nyumba. Wengine wakamfuata kimya kimya. Nikaugua, Naliaka akaja kunichukua, na mashine ikauzwa. Nililinda jina langu mpaka likanioza mikononi.

Sasa sikiliza nilichokwisha kufanya. Nimemwandikia Salim, nimemwandikia na mwenye hadiwea, nimeeleza yote haya, sikuficha langu wala lako. Usipoteze nguvu kuwahi Kitale. Barua hizo zilitangulia hii.

Kisha nikampigia Rehema. Anashona sare za shule Matisi, kwenye kibanda cha baba yake. Nilisikia cherehani, nikajitaja, cherehani ikanyamaza.

"Mama Naliaka," akasema. "Nilisubiri simu hii mpaka nikachoka kusubiri. Sasa imekuja sina hamu nayo."

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye yale maneno niliyomwambia mzee wa hadiwea, nilisikia amevuta pumzi, basi.

"Kumbe ulikuwa ni wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nikimlaani ndugu yako. Laana zangu nyingi zimekwenda nyumba siyo."

"Zilikuwa zake pia. Gawanya."

"Mama, usinichekeshe."

Hapo nikamwomba. Nilimweleza kwamba kwetu mahari ya binti hayafungwi mpaka senge yake aketi na aseme, na senge asipoweza kufika hutuma mtu, na aliyetumwa ndiye senge siku hiyo, hupokewa hivyo na hufunikwa blanketi lile lile la heshima la senge. Nikamwambia nataka aketi badala yangu nyumbani kwa Barasa.

Halafu akauliza, "Unanipa kiti kwa sababu unakufa?"

"Ndiyo."

"Angalau hapo umesema kweli." Nikasikia akimwambia mtu asubiri vipimo vyake. "Nitakwenda. Si kwa ajili yako, wala yake. Nataka kuona akinitazama. Lakini chakula chake sitakigusa mpaka aseme mbele ya wageni alichofanya. Asiposema yeye nitasema mimi, na nitaanza na wewe."

"Anza na mimi," nikamwambia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Unafahamu vizuri kwamba senge asipoonja, wakwe hawanawi mikono. Watakaa wakitazama nyama yako ikipoa, watauliza kuna nini, na utajua la kufanya. Sitaki hotuba. Hotuba zako ni nzuri mno. Simama useme: "Huyu hakuuza neno la mtu. Nilisikiliza mwenyewe, nikamsingizia, na dada yangu alijua." Kisha ukae. Maneno hayo hayazidi pumzi moja, hata kwa mtu mwenye mguu mbovu.

Unaweza kukataa. Unaweza kumzuia langoni, useme Mwislamu wa Kitale hawezi kuwa senge wa binti wa Kibukusu. Basi wakwe watarudi Kamukuywa bila kufunga jambo, na utamweleza binti yako kwa nini. Atakuwa ameshaisoma barua hii.

Nanjala, mwanangu, baraka zangu unazo tayari. Nilizitoa siku niliyosikia habari yako, sikuzifunga kwenye makosa ya baba yako wala yangu. Uolewe, uzae, upendwe. Ninachokuomba ni kumpokea Rehema kama ungenipokea mimi, na kumpa maji ya kunawa kwa mikono yako. Usimhimize baba yako na usimtetee. Mwache.

Kuhusu kuzikwa, Naliaka atanizika huku. Msichange, msitume mtu. Zaidi ya yote sitaki Barasa asimame juu ya kaburi langu na leso mkononi.

Naishia hapa, mkono umechoka. Nisalimie mke wako, aliyenipikia uji nilipokuwa mgonjwa na hakuniuliza kitu. Alistahili mume mwingine. Nisalimie watoto wadogo wa nyumba hiyo, na mjomba wetu wa Bungoma kama bado anaona. Nisalimie dereva wako, mwambie namwonea huruma kwa ile mvua.

Na siku hiyo ya mahari ikifika, umsalimie senge wa Nanjala wewe mwenyewe, kwa mikono miwili, kabla hajaketi. Jina lake unalijua.

Ni mimi dada yako,
Nekesa